Wateja wangu Mtwara wananiitikia "sawa" tu. Ni mimi nisiyejua kusikiliza, au wao ndio hawataki kusema?

#1 Kijana wa Shangani (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Nipo Mtwara mjini, kazi yangu ukocha wa biashara ndogo. Sio semina ya ukumbini yenye posho na soda. Ni mtu mmoja mmoja, saa moja kila baada ya wiki mbili, namfuata alipo. Wateja ninao kumi na wanne, wengi akina mama wa Mikindani, Chikongola na pale feri ya Msangamkuu, na wakulima wanne wa korosho Tandahimba.

Kabla ya kuingia kazini tulipigwa mafunzo ya wiki sita mtandaoni, na karibu nusu yake ilikuwa kusikiliza tu. Kocha hatoi majibu. Kocha anamtazama mteja machoni, anatikisa kichwa, anauliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, ananyamaza mteja apate kufikiri, kisha anamrudishia alichosema kwa maneno mengine ili mteja aone ameeleweka. Nilifaulu vizuri tu, cheti ninacho.

Jumanne nikaenda kwa mama mmoja anayekaanga samaki karibu na feri. Akaniambia mtaji unakatika kwa sababu watu wanakula kwa mkopo. Nikafanya nilivyofundishwa: "Kwa hiyo mama, ninachosikia ni kwamba madeni ya wateja yanakumalizia mtaji." Akaacha kugeuza samaki, akaniangalia. "Si ndivyo nilivyosema? Mbona unanirudia kama hakimu?" Kijana aliyekuwa kwenye benchi anasubiri pantoni akacheka mpaka soda ikamtokea puani.

Nikaingia mbinu ya pili, kunyamaza. Na yeye akanyamaza. Tukanyamaziana mpaka changu mmoja akaungua upande. Mwisho nikauliza, basi kuhusu hayo madeni wiki hii utaanza na nini? "Sawa, mwanangu." Sawa nini, mama? "Nitajitahidi." Hii ni mara ya tatu. Daftari la madeni nililompa halina hata mstari.

Wenye uzoefu, shida iko wapi?

#2 Mtani wa Ruangwa

Nimeona neno kocha nikakimbilia huku nikijua timu ya Namungo wamefukuza tena. Kumbe samaki. Haya, nimekaa pale.

#3 Mabibo Makavu

Natia nanga. Ila huyo changu aliyeungua ulimlipia?

#4 Kijana wa Shangani

Nilimla, mkuu. Na nilimlipia.

#5 Nesi wa Zamani Lindi

Mleta mada, nimefanya unasihi kliniki miaka kumi na tisa, tangu enzi ambazo mtu akija kupima anajifunika kanga usoni. Hilo la kurudisha maneno silikatai, ila mmefundishwa ganda mkaachiwa korosho ndani.

Waliolipatia jambo hili jina ni Carl Rogers na Richard Farson, wa Chicago, mwaka 1957. Na kwao kusikiliza kulikuwa na sehemu mbili: kile mtu anachosema, na hisia iliyokibeba. Wewe ulirudisha kile cha kwanza tu. Mtu akikuambia "wanakula kwa mkopo" ukamjibu "kwa hiyo wanakula kwa mkopo", umemfanya nini? Mwangwi wa pango. Ungemwambia, "Inauma mama, mtu ale samaki wako leo, kesho apite kama hakujui," nina hakika angevuta kigoda.

Kliniki nilikuwa na binti akiulizwa chochote anajibu "sijambo". Siku moja nikamwambia tu, "Leo umechoka." Alilia dakika ishirini. Sikuwa nimeuliza swali lolote.

#6 Salfa Mara Tatu

Acha niseme mimi wa upande wa pili, mimi ni mteja. Nipo Newala, nimeshakochiwa na miradi minne tofauti, nikistaafu kilimo nitakuwa mteja wa kulipwa.

Mkuu, "sawa" zetu ziko nyingi. Ipo "sawa" fupi, kavu, maana yake nimesikia, nenda zako. Ipo "sawaaa" ya kuvuta huku mtu anatazama mwembe, huyo anaona haya kukukatalia. Ipo "haya, sawa", na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, ameshaamua hafanyi. Halafu ipo "sawa, lakini..." Ukiipata hiyo kaa kitako, usiguse simu, maana hapo ndipo mtu anaanza kuongea. Shida yenu mkisikia "sawa" mnafunga daftari. Ile "lakini" inatoka mdomoni wewe uko juu ya bodaboda.

Mwaka juzi alinijia mmoja shambani alfajiri. Salfa, dawa ya mikorosho, tunapuliza saa hiyo kabla upepo haujaamka. Nina mashine mgongoni, macho yanawaka, shati njano tupu, ubwiri unga, ule ukungu mweupe, umeshaingia kwenye maua na mifuko imebaki miwili. Akaja amevaa barakoa yake safi akaniuliza: "Unajisikiaje kuhusu malengo yako ya mwaka?" Nikamwambia sawa. Akaandika.

#7 Mabibo Makavu

"Akaandika" 😂😂 Ilikuwa sawa namba ngapi hiyo?

#8 Salfa Mara Tatu

Kavu. Kavu kuliko salfa yenyewe.

#9 Mkuu wa Takwimu

Mnazunguka bure. Wataalamu walishathibitisha kwamba asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili na sauti, maneno ni asilimia 7 tu. Kijana, acha kusikiliza maneno. Soma mwili.

#10 Mwalimu wa Nachingwea

Mkuu wa Takwimu, hizo namba zina mwenyewe na mwenyewe anakataa zitumiwe hivyo. Ni za Albert Mehrabian, wa California, mwaka 1967. Watu walisikilizishwa neno mojamoja likitamkwa kwa sauti ya kupenda au kuchukia, wengine wakaonyeshwa na picha za sura, wakaulizwa huyu msemaji anajisikiaje. Basi. Hizo hesabu zinahusu hisia pale ambapo neno na sura vinapingana, na yeye mwenyewe ameeleza hivyo. Hakusema mawasiliano yote. Ingekuwa hivyo, ungefungua taarifa ya habari ya Kichina ukaondoka na asilimia 93 ya habari.

Kwenye kimya ndiko nina neno. Mary Budd Rowe alikaa madarasani Marekani miaka ya 1970 akipima muda ambao mwalimu husubiri baada ya kuuliza swali. Ilikuwa kama sekunde moja. Walimu walipofundishwa kusubiri tatu, majibu ya watoto yakarefuka, na wale wa nyuma waliozoeleka kuwa mabubu wakaanza kunyoosha mikono. Nimejaribu na darasa langu la sita. Sekunde tatu ni ndefu jamani! Ya pili tu unajisikia umesahau somo. Lakini kuna mtoto alikuwa hajawahi kunijibu tangu Januari, siku hiyo alijibu. Alikosa, ila alijibu.

Kwa hiyo Kijana, kimya chako hakikuwa kosa. Labda ulikivunja mapema.

#11 Mkuu wa Takwimu

Sawaaa.

#12 Mabibo Makavu

Namba mbili hiyo. Anatazama mwembe.

#13 Bi Ming'oko

Mwalimu, nakuheshimu, lakini kimya cha darasani usikilete jikoni. Kijana wa kiume, si ndugu, amekaa mbele ya mama wa watu hadharani, amemkazia macho, hasemi kitu. Watu wa feri wanapita wanaangalia. Ulitaka mama afikiri nini hapo, malengo? Alikuwa anafikiri jioni ataulizwa nini nyumbani.

Na hayo macho ndiyo kabisa. Mimi nimelelewa Masasi, mkubwa akisema unashusha macho. Ukinitumbulia unanipima.

Nitakuambia mahali ambapo wanawake wa huku wanasema. Bibi yangu alikuwa anabangua korosho za kuuza. Tunakaa wanne watano, hatutazamani, kila mtu kainamia jiwe lake. Vidole tumepaka majivu, maana yale mafuta ya ganda yanaunguza, yakikugusa mdomoni unabanduka ngozi wiki nzima. Unaweka korosho, unagonga, unatoa kiini, unaweka. Katikati ya kugonga mtu anasema jambo zito, "mume wangu kaenda kuoa Liwale", na hakuna anayeinua kichwa. Jiwe moja linasimama kidogo, tak... kisha linaendelea. Basi, kila mtu kasikia, na aliyesema kajua kasikiwa. Hakuna aliyemwambia "ninachosikia ni kwamba mumeo kaenda kuoa Liwale". Angepigwa na jiwe.

Nenda asubuhi anapopara samaki nyumbani. Omba kisu.

#14 Nesi wa Zamani Lindi

Bi Ming'oko umeniweza hapo kwa jiwe. Ila lile lililosimama kidogo ndilo ninalolisema mimi. Hiyo ndiyo hisia imerudishwa.

#15 Bi Ming'oko

Basi waandike kwenye mafunzo yao: simamisha jiwe.

#16 Mzee wa Stakabadhi

Vijana, mnapita pembeni ya jambo. Ni umri. Mtu aliyepita jando au unyago hafundishwi na mdogo wake namna ya kuishi. Atakuitikia kwa adabu, utaondoka umefurahi, naye hatafanya. Huyo mama kakuita "mwanangu". Mwana hamwulizi mama yake pesa zimekwenda wapi.

#17 Bi Ming'oko

Mzee wangu, shikamoo. Lakini huko huko unyagoni kungwi wengine ni wadogo kwa umri kuliko mama wa mwali, na wanasikilizwa. Umri peke yake hautoshi. Ila namna ya kule ni nyingine, mambo yanapitishwa kwenye wimbo na kitendawili, mtu anajipatia lake bila kuanikwa. Zaidi ya hapo simwagi humu.

#18 Mzee wa Stakabadhi

Marahaba mwanangu. Kungwi kawekwa na wazee. Kijana kawekwa na cheti cha mtandaoni. Ndiyo tofauti.

#19 Salfa Mara Tatu

Na lugha mbona hakuna aliyeigusa? Mama yangu Kiswahili anakijua vizuri, lakini kwake ni lugha ya hospitali na ya mkutano wa kijiji. Ukimsemesha Kiswahili anakaa wima, anajibu kama yuko mbele ya mtendaji. Akihamia Kimakonde ndipo mikono inaanza kutembea. Kocha wangu wa mradi wa tatu alikuwa mtu wa kaskazini, mpole sana, anatikisa kichwa mpaka namhurumia shingo. Lakini mama alimwona serikali tu mpaka mradi unaisha.

Kijana, wewe kabila gani?

#20 Kijana wa Shangani

Mmwera wa Mtama, mkuu. Kimakonde naokota okota. Lakini huyo mama wa samaki ni mtu wa pwani, Kiswahili ndicho alichonyonyea. Kwa hiyo kwake lugha sio sababu.

#21 Mtani wa Ruangwa

Mmwera ndio sababu yenyewe. Nimemaliza.

#22 Bodaboda Mikindani

Jamani si umpe jibu tu? Mama ana shida ya madeni, mwambie "weka kibao: leo hela, kesho mkopo", kazi imekwisha. Mtu ana njaa ya jibu wewe unamwuliza anajisikiaje.

#23 Mwalimu wa Nachingwea

Bodaboda usimcheke, kuna watu wamelipima hilo. Harry Weger na wenzake, mwaka 2014. Waligawa watu: wengine wakasikilizwa kwa hii staili ya kurudishiwa maneno, wengine wakapewa ushauri, wengine wakaitikiwa tu "ee, ee". Waliorudishiwa walijiona wameeleweka kuliko wote. Lakini kwenye kuridhika na mazungumzo, waliopewa ushauri hawakuwa nyuma yao. Wote wawili waliwapita wale wa "ee, ee". Tena ni watu waliokutana kwa mara ya kwanza, sio mtu unayemrudia kila wiki mbili. Kila mtu avute anapopenda.

#24 Bodaboda Mikindani

Nimevuta. Kibao.

#25 Mchambuzi Kilwa

Nyote mnajadili masikio, mimi nauliza mteja ni nani. Huu ukocha ulikotoka, mtu aliutafuta mwenyewe. Timothy Gallwey alikuwa akifundisha tenisi Marekani miaka ya 1970, akaona mchezaji akiachwa ajione mwenyewe anarekebika haraka kuliko akipigiwa kelele. John Whitmore na wenzake wakaupeleka huo mtindo kwenye makampuni Uingereza. Pande zote mbili, anayekaa mbele ya kocha ana lengo lake na mara nyingi kuna mtu kalipa.

Sasa Kijana, huyo mama alikuomba? Nani kasema tatizo lake ni daftari? Wewe ulikwenda na daftari mkononi kabla hajafungua mdomo. Mteja wako ni anayekulipa mshahara, na yule ndiye unayemsikiliza vizuri sana. Mama ni mahali unapofanyia kazi.

#26 Nesi wa Zamani Lindi

Maneno makali, Mchambuzi. Lakini kliniki nako hatukuombwa na kila mtu, na wapo tuliowasikia.

#27 Salfa Mara Tatu

Mchambuzi kanikumbusha. Wanaosema watu wa Kusini hawajui kukataa, wakumbuke Oktoba 2018. Minada ya korosho ilifunguliwa, bei hazikuturidhisha, hakuna aliyesema sawa. Tulisema hapana, kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya viongozi. Novemba serikali ikatangaza itanunua shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja. Yaliyofuata kwenye malipo yana uzi wake, tusifungue hapa. Nachosema, mtu akiwa na wenzake na jambo ni lake, hasemi sawa. Mtu akiwa peke yake na mgeni mwenye daftari, anasema sawa.

#28 Mzee wa Stakabadhi

Hapo kweli. Nilikuwepo.

#29 Mkuu wa Takwimu

Kijana yuko wapi? Katuwashia moto kaenda kulala.

#30 Kijana wa Shangani

Nipo wakuu. Nimekuja na mrejesho.

Jumamosi nilimfuata Bi Ming'oko neno kwa neno. Saa kumi na mbili asubuhi nyumbani kwa yule mama, nikaomba kisu. Kwanza alikataa, akasema nitachafua shati. Nikavua shati nikabaki na fulana. Nikapewa kisu na beseni la dagaa wakubwa, changu hakuniamini nao. Samaki wa tatu nikajikata dole gumba. Alicheka mpaka akakaa chini, akanifunga na kipande cha kanga, akaniwekea na ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha nile kwa mkono wa kushoto kama mtoto.

Nikanyamaza, safari hii kwa sababu dole lilikuwa linauma. Baada ya muda akasema, bila kuniangalia: "Yule uliyemwona siku ile anacheka kwenye benchi ni mtoto wa shemeji yangu. Ananidai... namdai elfu ishirini na tatu. Wewe ukasema madeni, madeni, kwa sauti. Ulitaka nikujibu nini yupo pale?"

Sikuwa na la kusema. Nikasimamisha kisu kidogo (asante Bi Ming'oko) nikaendelea.

Halafu akanionyesha nyuma ya mlango. Wakuu, ukuta mzima ni mistari ya mkaa. Kila mtu ana alama yake: samaki mdogo ni fundi baiskeli, duara ni mwenye duka, kofia ni askari fulani. Mstari mmoja ni shilingi elfu. Akilipwa anafuta kwa kidole na mate. Daftari langu analitumia kufungia vitumbua.

Nikamwuliza, sasa mama tufanyeje na haya? Akasema, "Sawa, mwanangu." Nikasubiri "lakini". Haikuja.

#31 Nesi wa Zamani Lindi

Ni aibu ya ukweni. Hisia hiyo, nilisema toka bandiko la 5.

#32 Bi Ming'oko

Ni benchi. Ungemsemesha nyumbani tangu siku ya kwanza ungeonyeshwa ukuta mwezi uliopita. Pole na dole.

#33 Mchambuzi Kilwa

Mama alikuwa na mfumo wa hesabu kabla yako, na hakuna aliyemwuliza. Sasa kwenye ripoti utaandika "mteja hana kumbukumbu za mauzo", si ndiyo?

#34 Kijana wa Shangani

Fomu ina kisanduku: daftari lipo / halipo. Nimekaa nacho tangu jana.

#35 Mkuu wa Takwimu

Weka "lipo". Ukurasa mmoja, mkubwa.

#36 Mwalimu wa Nachingwea

Na mimi nauliza, ile "sawa" ya mwisho ilikuwa ipi? Salfa, tusaidie.

#37 Salfa Mara Tatu

Bila kuisikia siwezi. Alikuwa anatazama wapi?

#38 Kijana wa Shangani

Beseni. Alikuwa anahesabu samaki nilioharibu.

#39 Mtani wa Ruangwa

Wiki ijayo nashuka Mtwara. Changu pale anauzaje? Na Wangoni mnawakopesha?

#40 Kijana wa Shangani

Mdogo elfu tatu, mkubwa tano. Ukikopa unachorwa mlangoni, mtani, na kwa sura yako mkaa hautatosha.